Barua kutoka Minnesota: Kabla Hujanunua Konokono

Ndugu zangu wa Eastlands,

Naandika kutoka Brooklyn Park, ambako Wakenya tumejaa tele na bahari iko mbali mno. Leo namjibu mpwa wangu wa Donholm, aliyeweka tangi la maji ya chumvi sebuleni na sasa vioo vimeota mwani. Ananiuliza, "Anko, ninunue wasafishaji gani?" Namjibu hadharani, maana dukani ninakofanya kazi swali hili haliishi.

Huku kikosi cha usafi huuzwa kwa mafungu: tangi la lita kadhaa, konokono kadhaa, kaa kadhaa. Siupendi mtindo huo. Konokono hali lita, anakula kilichoota. Mwani ukiisha, wanakufa njaa mmoja mmoja, wanaoza, na uozo huo unaulisha mwani mpya.

Kwa hivyo, mpwa wangu, tazama kwanza umeota nini. Ukungu wa kahawia kwenye tangi jipya ni diatomu, na mara nyingi huondoka wenyewe baada ya wiki chache. Utando wa kijani kwenye kioo na mawe ni kazi ya konokono aitwaye trokasi. Huyu ndiye kipenzi changu, kwa sababu akianguka chali hujigeuza; konokono mwenzake, astrea, hushindwa, akabaki pale mpaka kaa amle. Usiku mmulike kwa tochi akiwa kiooni: utauona mdomo ukifunguka na kufumba, ulimi wenye vijino ukikwangua, na nyuma yake ukanda safi unaopindapinda. Mchangani weka konokono aina ya seriti. Konokono nasariasi anakula mabaki ya chakula tu, usimnunue kwa ajili ya mwani. Wale kaa wadogo wanaobeba makombe wana bidii, ila huua konokono ili wachukue nyumba yake, basi watandazie makombe matupu ya kila ukubwa. Ute mwekundu unaofunika mchanga, huo ni bakteria. Usimtegemee mnyama yeyote kuumaliza. Unyonye kwa mpira.

Konokono na kaa hao wote wanakula na kunya mle mle. Naitreti na fosfeti hazitoki tangini kwa kupitia tumboni mwa konokono. Zinapungua ukipunguza chakula cha samaki na kubadilisha maji. Na maji yenyewe yasiwe ya bomba wala ya kisima. Pale mtaani kuna maduka ya kujaza mitungi maji yaliyochujwa. Uliza kama mashine yao ni ya osmosisi, na kama hawayaongezi madini, ndipo uchanganye chumvi.

Kazi hii ya kula mwani ipo pia kwenye miamba ya Pwani yetu. Huko mwani hutafunwa na samaki kama tafi, pono na kangaja. Mwanasayansi Tim McClanahan, aliyeichunguza miamba ya Kenya kwa miongo mingi, alionyesha kwamba samaki waitwao kikande wakivuliwa mno, wale wanyama wa duara wenye miiba, ambao ni chakula chao, huongezeka kupita kiasi na kuutafuna mwamba wenyewe. Msafishaji bila wa kumdhibiti naye ni balaa. Ndani ya hifadhi, kama ile ya Mombasa iliyoanzishwa 1986, kikande bado wapo.

Siku moja dukani tulipokea sanduku lenye herufi NBO, yaani uwanja wa ndege wa Nairobi, samaki wa bahari yetu ndani ya mifuko ya maji na oksijeni. Niliona fahari, na nikaona pia wajibu. Ukishuka Mombasa, usiokote konokono hifadhini, ni kosa kisheria. Na anayevua samaki wa mapambo sharti awe na leseni.

Anza na trokasi wachache kuliko unavyodhani. Wazoeshe maji yako tone kwa tone kwa saa nzima, maana chumvi ikibadilika ghafla wanakufa. Dawa yenye shaba usiitie kabisa. Subiri mwezi mmoja, kisha nitumie picha ya kioo kabla ya kuongeza hata mmoja.

Nisalimie nyumbani kwenu, na umwambie mama nitapiga simu Jumapili.

Anko wako