Imewaka, Haijaamka

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo fundi wa kompyuta hana budi kuvitenganisha: kuwaka na kuamka. Mashine iliyowaka imepata umeme. Taa yake ndogo yang'aa, feni yazunguka, kioo chatoa mwanga. Mashine iliyoamka imejitambua, na imemfungulia mwenyewe mlango wa kazi zake. Waingereza wana neno moja kwa safari yote hiyo, nalo asili yake ni kiatu: wanamfikiria mtu ajiinuaye kutoka chini kwa kuvuta vishikio vya buti zake mwenyewe. Mswahili hakwenda kwenye viatu. Alikwenda kwenye moto, kisha kwenye usingizi. Na baina ya moto na usingizi, ndipo yajifichapo mengi katika maradhi ya mashine hizi.

Lugha na kompyuta hazikukutana mapema nchini Tanzania. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku hayo yakadumu miaka mingi. Mashine zilipokuja kuenea, wataalamu walipendekeza majina: huyu akasema ngamizi, yule akasema tarakilishi, na watu wakaendelea kusema kompyuta. Mwaka 2004, kwa juhudi za mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, programu za OpenOffice zilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo. Mtu akaweza kuandika barua, kupanga hesabu na kuhifadhi tungo zake huku mashine ikimjibu kwa lugha yake. Lakini ukurasa wa kwanza kabisa, yale maandishi meupe juu ya weusi yatokeayo kabla ya programu yoyote kupakiwa, ulibaki kwa Kiingereza. Kwa mtu mwenye mashine nzima hilo si kitu, kwani maandishi hayo hupita upesi kama umeme wa radi. Siku mashine inapogoma, hubaki hayo tu.

Msomaji wa mwambao huenda hajawahi kulisikia jina la Nyakunguru. Ni mbali na bahari, mkoani Mara, katika nchi ya Wakuria, upande ambako wilaya za Tarime na Serengeti hupakana na Mto Mara hupita ukielekea Ziwa Viktoria. Kikuria kina irabu saba, mbili zaidi ya Kiswahili, na anayekiandika kwa herufi zilizozoeleka hulazimika kuamua kila mara zile mbili azionyesheje. Mwalimu mmoja mstaafu wa huko aliifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na moja. Alikusanya methali, vitendawili, majina ya miti na ya dawa zake, na sauti za wazee wakieleza maana. Kila neno la Kikuria aliliwekea Kiswahili chake ubavuni. Baadhi ya wenye sauti hizo walikuwa wamekwisha kuzikwa. Yote hayo yalikaa katika diski moja ya gigabaiti 80, ndani ya kompyuta ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika.

Mwaka 2016 diski ilijaa. Mwalimu akanunua nyingine mjini Mwanza, ya gigabaiti 500, nia yake ikiwa ni kupata nafasi, na nakala ya pili. Kijana wa jirani alifungua kasha kwa bisibisi, akachomoa waya wa diski ya zamani kutoka tundu la kwanza, akachomeka pale ile mpya, na ya zamani akaihamishia tundu la pili. Wakawasha. Taa ikawaka, feni ikavuma, na kwenye kioo cheusi ukatokea mstari mmoja wa Kiingereza, usiosogea. Kijana akausoma, akamgeukia mzee.

"Mwalimu, inasema diski imekufa."

Habari ilipofika senta, ushauri ulikuwa mmoja: mashine ipigwe Windows upya. Hiyo ndiyo tiba ya vibanda vingi. Ni rahisi, ni ya haraka, na aghalabu mashine huamka kweli. Ila huamka bila kumbukumbu. Anayepiga Windows huulizwa aiweke katika diski ipi. Hapo diski hutajwa kwa namba, si kwa hazina iliyomo, na mkono wa haraka huweza kuisafisha ile isiyostahili kuguswa. Mwalimu alikuwa karibu kukubali. Kama diski imekufa, hoja yao ilikuwa, kuna nini tena cha kuogopa?

Kilichomzuia ni binti aliyewahi kumfundisha darasa la tano, ambaye siku hizo alikuwa fundi mjini Tarime. Mzee akaifunga mashine kwa kanga, akapanda nayo gari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Nimeambiwa diski imekufa."

"Nani kasema?"

"Kioo chenyewe."

Fundi akaiwasha, akasoma mstari ule pole pole, neno baada ya neno, kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya ubao. "Kioo hakikusema hivyo, Mwalimu. Kimesema hakikuona diski ya kuanzia. Aliyekufa na asiyekuwepo nyumbani si mmoja."

Naam, maradhi yalianzia kwenye tafsiri. Mpenzi wa tungo ataelewa upesi yaliyotokea ndani ya kasha. Utenzi wa kale hauanzi na kisa. Huanza kwa jina la Mungu, hufuata kuagizwa wino na karatasi, ndipo habari ishike njia. Kompyuta nayo ina utangulizi wake. Ipatapo umeme, ubao wake mkuu hujikagua kwanza: hupima kumbukumbu, hutazama kama kibodi ipo. Kisha hufuata orodha ya mahali pa kuanzia, na kubisha hodi. Katika mashine za rika lile husoma baiti 512 za mwanzo wa diski, ambamo yamo maelekezo mafupi ya kuita yaliyobaki. Mashine ya Mwalimu, kama nyingi za zama zake, ilibisha kwa diski kuu moja tu, iliyo ya kwanza, na ya kwanza sasa ilikuwa ile mpya. Daftari jipya halina hata bismillahi. Beti zote zilikuwa salama katika la pili, ambalo hakuna aliyelifungua.

Fundi hakuanza kwa kuongeza kitu, alianza kwa kurudi nyuma. Alichomoa diski mpya, akairudisha ya zamani katika tundu la kwanza, akawasha. Mashine ikaamka, na majalada ya Mwalimu yakajipanga kiooni. Basi diski ilikuwa hai, na waya ulikuwa mzima. Lililobadilika ni mpangilio tu. Akazima, akarudisha mambo kama yalivyofika, akaingia katika ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kwa kitufe mara tu mashine iwashwapo. Diski zote mbili zilionekana humo. Akaitanguliza ya zamani, akahifadhi. Ikaamka tena.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," Mwalimu akasema, na kicheko kikamtoka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Usiku ule umeme ulikatika Nyakunguru. Asubuhi ulirudi, na ule mstari ukarudi nao. Waliotaka Windows ipigwe wakasema, si tulisema? Mwalimu akampigia simu fundi. Hakuambiwa apande gari. Aliambiwa afungue ule ukurasa wa mipangilio na asome tarehe kwa sauti. Akasoma: mosi Januari, ya mwaka uliokwisha kupita zamani.

Katika ubao wa mashine kuna betri ndogo, umbo lake kama sarafu, yenye volti tatu. Umeme mkubwa ukiondoka, hiyo ndiyo hulinda saa na mipangilio. Ile ya Mwalimu ilikuwa imekwisha. Kila umeme ulipokatika, mashine ilisahau iliyoambiwa na kurejea desturi yake ya kiwandani: tundu la kwanza kwanza. Zamani haikujulikana, maana katika tundu hilo palikuwa na diski ile ile moja. Betri mpya ikapatikana kwa fundi saa. Juu ya hayo, kwa maelekezo ya simu, Mwalimu alizima mashine, akang'oa waya wa umeme, akabadilishana zile nyaya za diski kwa mkono wake: ya zamani tundu la kwanza, mpya la pili. Sasa hata mashine ikisahau, ingesahau kwa heri.

Siku ile ile kazi yote ilinakiliwa katika diski mpya. Kisha ikanakiliwa tena katika flashi iliyokwenda kukaa katika nyumba nyingine, kwani diski mbili zilizo katika kasha moja huungua kwa moto mmoja na huibwa na mwizi mmoja. Lau Windows ingepigwa kwa haraka siku ya kwanza, huenda mashine ingeamka, na watu wangempongeza mzee kwa mashine nzima isiyo na neno hata moja la wale waliozikwa.

Kijana wa jirani hakulaumiwa. Alisoma kwa Kiingereza alichonacho, katika ukurasa ambao hakuna aliyemwandalia kwa lugha yake. Mwalimu alifanya lililo katika uwezo wake. Alikata karatasi, akaiandika kwa kalamu, Kikuria juu na Kiswahili chini, akaibandika ubavuni mwa kioo. Upande wa Kiswahili wasema: "Mahali nilipotazama sikuona pa kuanzia. Nielekeze pengine."