Soja ya Ijumaa

Kila Kwaresima vijana mnatuuliza: je, vipande vya soja vinavyofanana na nyama vinavunja mfungo wa Ijumaa? Kanuni ya 1251 ya Sheria ya Kanisa inataja nyama. Soja ni jamii ya maharagwe, unga wake uliokamuliwa mafuta na kushindiliwa kwa joto. Tunaviloweka katika maji moto, tunavikamua, tunavikaanga kwa kitunguu na nyanya. Ni vitamu, wala hatuoni haya kusema hivyo.

Linalotusumbua ni jingine. Jirani zetu wengine hupika soja hata siku ya Pasaka, kwa kuwa nyama imewashinda. Mfungo wao hakuna aliyeutangaza. Hivyo katika jumuiya yetu, bei ya nyama tusiyonunua Ijumaa huwekwa mezani kabla ya kunawa mikono, na Pasaka hununuliwa nyama ya nyumba hizo.