Chaki Mkononi mwa Kijana

Mmarekani mweusi Bob Moses alifundisha hesabu Same, chini ya milima ya Upare, tangu 1969 hadi 1976. Kabla ya hapo alikuwa Mississippi, akiwasindikiza vibarua weusi wa mashambani kwenda kujiandikisha kupiga kura. Karani aliwapa kifungu cha katiba ya jimbo wakifafanue, na karani huyohuyo, peke yake, ndiye aliyeamua nani kafaulu. Moses alipigwa, akafungwa, akaendelea.

Mwaka 1982, akiwa amesharudi kwao, alikuta shule ya binti yake Maisha mjini Cambridge, Massachusetts, haifundishi aljebra darasa la nane. Akamwona karani yuleyule katika vazi jipya. Mtoto asiyepata aljebra mapema hafiki hesabu za juu, na chuo anakisikia kwa jirani. Na walioachwa nje walikuwa hasa weusi na maskini wa mijini. Ndipo akaanzisha Algebra Project, mpango wa kuwafikishia watoto hao aljebra.

Lakini kinachonigusa zaidi ni walichofanya wanafunzi wenyewe. Mwaka 1996 waliopita mikononi mwake, mwanawe Omo akiwemo, waliunda Young People's Project: vijana wa sekondari wanawafundisha wadogo zao hesabu, na wanalipwa. Kule Baltimore wanafunzi wa Algebra Project waliendesha kazi kama hiyo wenyewe, kisha wakaingia barabarani kulidai jimbo la Maryland fedha za shule zao. Aliyeweza kumweleza mwenzake sehemu na desimali hakushindwa kuisoma bajeti.

Sisi huku Tanzania tuliwapa watoto hodari chaki pia. Kiranja aliandika ubaoni majina ya wapiga kelele, na nusu ya hao wapiga kelele walikuwa wakielekezana swali la tatu! Tulipokosa walimu, baada ya uamuzi wa Musoma wa 1974 wa elimu ya msingi kwa wote (UPE), tuliwasimamisha wahitimu wa darasa la saba mbele ya madarasa, halafu mitaani tukawacheka: mwalimu wa UPE. Mimi siwacheki. Walisomesha taifa wakiwa na mafunzo haba, na hakuna aliyewauliza shule iendeshweje.

Wajukuu zetu tunawalaumu kwa simu na uvivu. Nadhani lawama hiyo inatupumzisha. Pale Mbagala, Dar es Salaam, darasa limefurika, mwenye fedha anamlipia mwanawe tuisheni, asiye nazo anamwachia Mungu. Wakati huohuo vijana waliomaliza mtihani wa kidato cha nne Novemba wanakaa nyumbani miezi mingi wakisubiri kidato cha tano, vichwa vyao bado vina moto wa hesabu.

Wapeni vijana hao wanafunzi wa kidato cha kwanza wawafundishe, kila mmoja kikundi chake, chini ya jicho la mwalimu. Wapeni posho, isiwe soda na cheti. Na siku watakapouliza ruzuku ya shule imekwenda wapi, mkuu wa shule awafungulie daftari.