Dakika 52 hadi kwa bibi

Najua nimepotea. Nilikuwa Galula, Songwe, kumzika bibi yangu mzaa mama. Yaani nilikwenda kumzika, ila sikumzika. Ngoja niwasimulie.

Mjomba alipiga Jumanne jioni: mama ametutoka, tunazika kesho saa 8 mchana. Nikakimbilia kwenye kompyuta. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere, Dar, hadi uwanja wa Songwe ni kama kilomita 690 kwa mstari ulionyooka. Muda wa safari: dakika 52! Nikamwambia mjomba, "Msiwe na wasiwasi, saa 5 asubuhi nitakuwa hapo nyumbani."

Jamani, zile dakika 52 ni hesabu ya darasa la saba. Wanachukua kilomita 690, wanagawa kwa mwendo wa 800 kwa saa, basi. Hawahesabu ndege kutambaa hadi kwenye njia ya kurukia, kupanda, kushuka, wala kwamba hizi zetu za mapangaboi hazifiki mwendo huo. Kwa kawaida ni kama saa moja na nusu. Na hawahesabu ukungu.

Tulipofika juu ya Songwe, chini palikuwa peupe kama maziwa. Tukazunguka, tukazunguka... kisha rubani akatangaza tunarudi Dar. Karibu saa 4 asubuhi nilikuwa palepale nilipoanzia alfajiri. Umbali niliosafiri: sifuri.

Tuliondoka tena saa 7 mchana. Kutua, saa 8 na nusu. Na hapo ndipo kuna jambo lingine ambalo watu wengi wa Dar hawalijui: uwanja wa Songwe hauko mkoa wa Songwe! Uko mkoa wa Mbeya. Ulianza kupokea abiria Desemba 2012, mkoa wa Songwe ukaja kuzaliwa 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Mimi nilikuwa bado na safari ya Mbalizi, kusubiri Noah ijae, kisha kuteremka bonde la Rukwa na vumbi lake. Nikaingia Galula saa 11 na nusu jioni. Kaburi lilishafukiwa, maua yameshaanza kunyauka kwa joto.

Binamu yangu alikuwepo. Yeye hakuwa na hela ya ndege. Jumanne usiku alipanda basi Mbezi Louis, zaidi ya kilomita 800 za barabara, Kitonga na Makambako usiku kucha. Saa 6 mchana alikuwa amekaa mkekani na shangazi zake.

Mjomba hakunigombeza. Alisema tu, "Pole mjomba. Tulikusubiri mpaka saa 10. Watu wa mbali wakaanza kuondoka."

Saa mbili nzima jeneza la bibi lilikaa juani kwa sababu ya ahadi yangu. Kazini kila siku naambiwa: thibitisha kabla hujaandika. Mimi nikachukua namba ya kwenye kompyuta nikampa mtu aliyefiwa na mama yake kama habari ya uhakika.

Ukungu simlaumu mtu. Lakini ile "saa 5 nitakuwa hapo" niliitamka mimi.

Siku hizi mtu akiniuliza nitafika saa ngapi, najibu: nikifika nitakupigia. Na nyie, mshawahi kumsubirisha marehemu?