Kazi ya Mtaalamu wa Bahari Darasani

Somo la kazi za watu aghalabu hufundishwa kwa orodha. Mwalimu huandika ubaoni: daktari, rubani, mhandisi, wanafunzi hunakili, na kengele hulia. Njia hiyo humpa mtoto jina la kazi bila kumwonyesha kazi yenyewe.

Katika kukagua mazoezi ya ufundishaji hapa Tanga, niliwahi kuketi nyuma ya darasa wakati mwalimu mwanafunzi akiuliza ni kazi zipi zinazofanywa baharini. Wavulana walitaja uvuvi na ubaharia. Msichana mmoja akasema, "Kulima mwani." Darasa likacheka, na somo likaendelea. Niliona uchungu, kwani jibu lililochekwa ndilo lililostahili kipindi kizima.

Laiti darasa lile lingesimuliwa habari za Profesa Keto Mshigeni. Mtanzania huyu alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1974, kwa utafiti juu ya mwani na mazingira yake. Akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliendelea kuuchunguza mwani wa pwani yetu na kuhimiza ulimwe, usiwe wa kuokotwa tu. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Unguja, katika vijiji vya Paje na Jambiani, na wengi wa wakulima wakawa wanawake. Baadaye maji ya kina kifupi yalizidi joto, na aina ya mwani yenye bei nzuri ikawa inakufa. Dakta Flower Msuya, wa Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Unguja, alishirikiana na wakulima kujaribu kuupanda kwenye kina kikubwa zaidi.

Basi, mtaalamu wa ikolojia ya bahari ni mtu anayeuliza kwa nini kiumbe fulani huishi hapa na si pale. Kisha huhesabu, hupima, na kurudia.

Mtoto wa Makorora anaweza kuianza kazi hiyo. Andalio la somo liwe hivi. Kwanza, mwulize mwenyeji wa pwani saa ya maji kupwa na saa ya kujaa, ili watoto warudi mapema. Pili, fungeni fito nne zifanye mraba wenye upande wa mita 1. Tatu, kila kikundi kiweke mraba wake mahali pawili, karibu na nchi kavu na karibu na maji, kihesabu viumbe na kujaza jedwali. Jiwe lililogeuzwa lirudishwe lilivyokuwa. Nne, mkiwa darasani, uliza kwa nini hesabu zimetofautiana. Usiharakishe kutoa jibu. Anayetoka nyumba ya wakulima wa mwani apewe nafasi ya kueleza ayajuayo.

Jedwali lihifadhiwe ukutani, ili darasa la mwaka unaofuata lirudi mahali palepale, lihesabu tena na kulinganisha.