Anayeleta Habari Mbaya

Mwezi Mei mwaka 1930, katika mji mdogo wa Xunwu, kusini mwa jimbo la Jiangxi nchini China, kiongozi mmoja wa jeshi la waasi alikuwa akiuliza maswali ambayo wakuu wa vita kwa kawaida hawana muda nayo. Chumvi inayouzwa hapa inatoka wapi, na kwa nini watu wanaipenda ya Chaozhou kuliko ya Huizhou iliyo rahisi? Maduka gani yanakwenda vizuri, na yapi yanakaribia kufungwa? Vinyozi wako wangapi, na vijana wa siku hizi wanataka kukatwa nywele kwa mtindo gani? Muulizaji alikuwa Mao Zedong, mwenye umri wa miaka 36. Waliomjibu walikuwa wafanyabiashara, wakulima na wasomi wadogo wa mji huo. Aliwakalisha pamoja, akawaacha wabishane, naye akaandika.

Katika majibu yao lilikuwemo jambo ambalo vitabu vya nadharia visingemwambia. Takriban asilimia 40 ya ardhi ya wilaya ile haikuwa mali ya kabaila fulani. Ilikuwa ya koo, mahekalu na vyama vya kijamii. Makabaila walikuwa na asilimia 30 hivi, na wakulima wakabaki na kiasi kama hicho. Ukienda na hotuba kali ya kuwapinga makabaila bila kulijua hilo, utakuwa umeiacha nje karibu nusu ya mashamba. Mwezi huohuo Mao aliandika waraka wa kuwasema wenzake walioabudu vitabu. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu ambaye hajaenda kulitazama jambo lilivyo, anyamaze.

Nimeisoma historia ya mapinduzi ya China kwa miaka mingi, na kila nikiirudia naanzia Xunwu. Pale naona namna watu wachache walivyoweza kushinda. Chama cha Kikomunisti kilizaliwa Shanghai mwaka 1921, katika mkutano wa wajumbe 13 waliowakilisha wanachama wapatao 50. Polisi walipowashtukia, mkutano ukaenda kumalizikia ndani ya mashua kwenye ziwa Nanhu, mjini Jiaxing. Nadharia waliyoipokea kutoka Ulaya ilisema mapinduzi yataletwa na wafanyakazi wa viwandani. Lakini China ilikuwa na viwanda vya kuhesabika na wakulima wasiohesabika. Mwezi Aprili 1927 Chiang Kai-shek, kiongozi wa chama cha Kuomintang kilichokuwa mshirika wao, aliwageuka wakomunisti mjini Shanghai, wengi wakauawa, na mijini hapakukalika tena. Waliobaki wakakimbilia milimani na vijijini, kwa watu ambao vitabu vya nadharia havikuwatilia maanani.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao waliinama kweli. Kwenye milima ya Jinggangshan askari walifundishwa kanuni chache ambazo mtoto angezielewa. Askari akilala kijijini, aliazima mlango wa nyumba akaufanya kitanda, na majani makavu yakawa godoro. Asubuhi ilimpasa aurudishe mlango mahali pake na kuyafunga majani kama alivyoyakuta. Kitu cha mkulima hakichukuliwi, hata kama ni sindano au uzi. Kwa mwanakijiji aliyezoea majeshi yanayoingia na kuondoka na kuku wake, mlango uliorudishwa ulikuwa na uzito kuliko tamko lolote la chama. Hapo ndipo ulipojengwa ule waliouita mstari wa umma: kusanya mawazo ya watu, yapange, yarudishe kwao yakiwa sera, kisha utazame yanavyofanya kazi.

Uvumilivu wao nao haukuwa wa kawaida. Oktoba 1934 watu wapatao 86,000 walianza Matembezi Marefu kutoka Jiangxi, wakilikimbia jeshi la Chiang. Mwaka mmoja baadaye, waliofika kaskazini mwa Shaanxi pamoja na Mao hawakufika 10,000. Miaka 14 baada ya hapo, tarehe 1 Oktoba 1949, alisimama juu ya lango la Tiananmen akatangaza Jamhuri ya Watu wa China. Mamia ya mamilioni ya wakulima walipata ardhi, na makabaila wengi waliuawa katika kampeni hizohizo za kuigawa. Yote mawili ni kweli, na kutaja moja bila jingine ni kupunja mizani.

Ningekuwa naandika kwa ajili ya kuwapa moyo vijana wanaoanza biashara au siasa, ningeishia hapo: uliza, inama, vumilia, utashinda. Lakini somo lililonikaa zaidi liko upande wa pili wa ushindi, na mbegu yake ilikuwepo kabla ya ushindi wenyewe. Mwaka 1942, huko Yan'an, kulikokuwa makao ya chama wakati huo, mwandishi Wang Shiwei aliandika makala ya kulalamika kwamba katika makao makuu ya usawa, nguo zilikuwa za daraja tatu na chakula cha daraja tano. Hakuwa adui. Alikuwa mwanachama aliyeuliza kwa sauti swali ambalo wenzake waliuliza kwa minong'ono. Alishambuliwa kwenye mikutano, akafungwa, na mwaka 1947 akauawa. Kuuliza bei ya chumvi ya watu wengine ni rahisi kuliko kuulizwa kilichomo chunguni mwako.

Mwaka 1956 na 1957 chama kiliwaalika wasomi wakikosoe bila woga. Wakakikosoa. Kilichofuata ni kampeni iliyowabandika zaidi ya watu 500,000 jina la watu wa mrengo wa kulia. Wengi wao walipoteza kazi, wengine wakapelekwa kwenye kambi za kazi ngumu. Hapo kila mtu mwenye akili alijifunza jambo moja, nalo ni funika kombe mwanaharamu apite.

Basi mwaka 1958, ulipotangazwa Mruko Mkubwa Mbele, nani angesema kwamba hesabu hazikubali? Wakulima waliingizwa katika komuni, sufuria za nyumbani zikapelekwa kuyeyushwa kwenye tanuru za uani ili chuma kipatikane, na watu wakala katika mabwalo ya pamoja. Viongozi wa wilaya walishindana kutangaza mavuno. Huanjiang, katika Guangxi, ilidai imevuna zaidi ya tani 65 za mpunga katika mu moja, na mu 15 ndizo hekta moja. Gazeti la chama lilichapisha picha ya watoto waliosimama juu ya mpunga wa Macheng, ati umeshonana kiasi cha kubeba mtu. Miche ilikuwa imeng'olewa mashamba mengine na kurundikwa pamoja. Mwezi Agosti mwaka huo, katika wilaya ya Xushui, Mao aliuliza chakula chote hiki kitaliwaje. Ni mtu yuleyule wa Xunwu, ila sasa waliomzunguka walikuwa wamejifunza jibu analolipenda.

Uongo wa namna hiyo haubaki kwenye karatasi. Serikali ilichukua sehemu yake ya nafaka kwa kufuata mavuno yaliyotangazwa, na yaliyotangazwa hayakuwepo. Kilichobebwa kilikuwa chakula cha mkulima mwenyewe, na mbegu zake. Mwezi Julai 1959, kwenye mkutano wa Lushan, waziri wa ulinzi Peng Dehuai alimwandikia Mao barua. Peng alikuwa mtoto wa masikini wa Hunan na ndiye aliyeongoza majeshi ya China katika vita vya Korea. Alikuwa amezuru vijiji vya kwao na kuona hali. Barua ilikuwa ya adabu, iliyotaja mafanikio kwanza, na aliiandika kwa mkubwa wake bila kuitangaza. Mao aliisambaza kwa wajumbe wote, kisha akaifanya ushahidi wa njama. Peng akaondolewa wizarani, na kampeni mpya ikaanza dhidi ya kila aliyefikiri kama yeye. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kati ya 1959 na 1961 njaa iliua watu ambao makadirio ya wataalamu yanawaweka kati ya milioni 15 na milioni 45. Peng alifariki mwaka 1974 akiwa kizuizini.

Nimefanya kazi za ofisi muda wa kutosha kuijua taarifa ya utekelezaji inavyopikwa. Afisa wa chini anaandika asilimia 60. Msimamizi wake anaona haya kuipeleka, anasema kazi inaridhisha. Anayemfuata anaandika kazi inaendelea vizuri. Ikifika mezani kwa mkubwa imekuwa mafanikio makubwa chini ya uongozi wake mahiri. Hakuna hata mmoja katika ngazi hiyo anayejiona mwongo, kila mmoja amepaka rangi kidogo tu. Nyumbani ni vilevile. Baba mkali hupata habari za nyumba yake mwisho, majirani wakiwa wamezijua zamani. Atakuambia wanawe hawamfichi kitu, na ushahidi wake ni kwamba hajawahi kusikia kitu.

Kinachonitisha katika habari ya Mao ni kwamba hakuwa mtu asiyejua thamani ya kuuliza. Aliijua kuliko wengi. Ushindi ndio uliomlewesha. Alikuwa amepingwa na wakubwa wa chama mara nyingi kabla ya 1935, matukio yakamwonyesha kuwa sahihi, na mtu aliyewahi kuwa sahihi peke yake huona shida kuamini kwamba safari hii wanaompinga wana haki. Kisha mawazo ya mapambano ya kitabaka yakampa nyenzo ya hatari. Anayepinga hakuhesabiwa tena kuwa mtu mwenye hoja tofauti, alikuwa adui wa tabaka. Ukishampa mtu jina hilo, huna tena sababu ya kusikiliza anachosema. Sisi nasi tunayo majina yetu: huyu ana wivu, huyu ametumwa, huyu si mwenzetu.

Walikuwepo waliokumbuka Xunwu. Mwaka 1961 Liu Shaoqi, rais wa nchi, alirudi kwao Hunan akakaa wiki kadhaa miongoni mwa wakulima, akasikia wanavyoyachukia mabwalo yale. Mwaka uliofuata, mbele ya makada 7,000, alisema kwamba maafa yale kwa sehemu kubwa yalifanywa na watu, si na mbingu. Kauli hiyo haikusahaulika. Mao alipoanzisha kampeni ya Mapinduzi ya Utamaduni mwaka 1966, Liu naye aliangushwa, akafia kizuizini Kaifeng mwaka 1969.

Kizazi cha wazazi wetu hakikuyajua hayo. Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, njaa ikiwa bado haijakwisha, na redio ya serikali haikuwa mahali pa kulisikia hilo. Walichokiona kwa macho yao ni TAZARA, kilomita 1,860 za reli iliyojengwa na China kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na hiyo ilikuwa kweli. Hapa kwetu Mwalimu Nyerere, aliyeitembelea China mwaka 1965, alitoa mwaka 1977 kijitabu cha kutathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, akaandika mafanikio na mapungufu. Siasa za Ujamaa zilikuwa na makosa yake, lakini kiongozi anayeorodhesha mapungufu akiwa bado madarakani anastahili kukumbukwa.

China yenyewe ilitoka shimoni pale wakulima walipoacha kungoja ruhusa. Mwishoni mwa 1978, katika kijiji cha Xiaogang, wilaya ya Fengyang, wanakijiji 18 waliweka dole gumba kwenye hati ya siri: tunagawana mashamba kwa kaya, na viongozi wetu wakifungwa, tutawalea watoto wao mpaka wafike miaka 18. Msimu uliofuata mavuno yalipanda sana. Safari hii wakubwa wa jimbo walitazama ghala badala ya kutazama kanuni, wakawaacha waendelee. Leo hati hiyo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya China.

Kwa hiyo siku hizi nikitaka kuijua taasisi, siulizi dira yake wala kaulimbiu yake. Naulizia mtu wa mwisho aliyemwambia mkubwa kwamba mpango haufanyi kazi, na sasa yuko wapi. Kama bado anakaa kwenye kikao na anaombwa aseme tena, pale mambo yanaweza kurekebishika hata yakiharibika. Kama amehamishwa, au amejifunza kusema kazi inaendelea vizuri, taarifa zote za mahali pale nazisoma kwa tahadhari. Hata kwangu natumia kipimo hichohicho: kama mwezi mzima umepita bila mtu wa nyumbani kuniambia jambo nisilotaka kulisikia, siwapongezi kwa utulivu. Naketi nao, nawauliza.