Jiwe na Shimo la Mgodi

Binti yangu alianza fizika kwa ISP hapa Bukavu, akarudi analia: "Baba, fizika naipenda, ni hesabu zinanifukuza." Sekondari alisomea ualimu, derive hakuijua. Hata mimi, Chuo cha Biblia hakikunifundisha hiyo!

Tukawaza shimo la mgodi. Ukiachia jiwe, likigonga chini kisha sekunde 3, urefu ni 5 mara 3 mara 3: karibu meta 45. Nikagawa kwa 3, nikasema mbio ni meta 15 kwa sekunde. "Hapana baba, hiyo ni ya wastani tu." Derive ya 5t² ni 10t: pale chini ni meta 30! Usiku ule hakulia tena. Sasa ameanza integrali, nami namkimbilia nyuma.